Draiva inakimbia kulia, haibridi inavuta kushoto: soma hapa kabla hujanunua shafti ya kaboni ya bei mbaya

Wadau wa gofu, kuna kitu naona kinajirudia sana na kinaniuma kwa sababu watu wanapoteza hela nyingi. Mtu mpira unamkimbilia kulia msimu mzima, anaangalia mashindano anaona bingwa ana shafti (ule mpini unaounganisha gripu na kichwa) ya rangi fulani kwenye draiva, ile fimbo ndefu ya mpigo wa mbali, anaitafuta ileile, anafungiwa, wiki ya kwanza anafurahi alafu mpira unarudi kulekule kulia. Shafti sio mbovu, zile shafti ni nzuri kweli, ila huyu amemeza dawa kabla ya kupimwa.

Kwahiyo tutaenda dalili kwa dalili. Ntaongelea mpigaji wa mkono wa kulia, wa kushoto we geuza tu. Na msimamo wangu nausema mapema ili ujue natokea wapi: uzito wa shafti kwanza, urefu wa pili, ugumu wa tatu, na yale mengine yote ambayo watu wanabishania usiku kucha, sijui torki (shafti inavyojinyonga), sijui sehemu ya kupinda, yanakuja mwisho kabisa. Wengi wanaanzia mwisho wanarudi mwanzo.

Kabla ya dalili yoyote: unapigia wapi?

Chukua ile poda ya kupuliza ya miguu, puliza usoni mwa draiva ukae mweupe kidogo, piga mipira kumi, usifute mpaka umalize. Alama zitakwambia ukweli ambao shafti haiwezi kukwambia. Mpira uliogongwa upande wa kisigino, yani karibu na shingo, unapata mzunguko wa kukatia kulia hata kama swingi ilikuwa safi, na ule uliogongwa upande wa kidole unajikunja kushoto, hii inatokana na kichwa kujizungusha kidogo mpira unapogusa mbali na katikati. Ukigongea chini ya uso, spini, yani mpira kujizungusha kurudi nyuma hewani, inapanda. Sasa mtu alama zake nane kati ya kumi ziko kisigino anataka shafti yenye ncha (upande wa kichwa) ngumu ya kupunguza kulia... hapana, huyo shafti yake huenda ni ndefu tu.

Jaribio lake ni la bure: shika gripu inchi moja chini zaidi, puliza poda tena, piga kumi nyingine. Alama zikirudi katikati basi umeshapata jibu. Draiva nyingi zinauzwa zikiwa kati ya inchi 45.5 na 46, wakati wachezaji wengi wa kulipwa wanatumia fupi kuliko hapo, na wao ndo wana mikono ya kuimudu ndefu. Sheria za R&A na USGA, wasimamizi wa sheria za gofu, zinaruhusu mpaka inchi 48, na tangu Januari 2022 kamati ya mashindano inaweza kuweka kikomo cha inchi 46, lakini kuruhusiwa na kukufaa ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kitu kingine cha bure ni adapta, kile kiungo cha shingoni kinachozungushwa. Kama draiva yako inarekebishika, zungusha lofti, yani mwinamo wa uso, digrii moja juu au chini kabla ya kufikiria shafti. Digrii moja ya lofti mara nyingi inabadilisha urukaji wa mpira kuliko kubadili shafti, ila kumbuka ukiongeza lofti kwa adapta uso unaelekea kufunga kidogo, ukipunguza unafunguka, kwahiyo mpira utahama na pembeni pia.

Kilichomo ndani ya shafti, kwa kifupi

Shafti ya kaboni ni karatasi za nyuzi za kaboni zilizoloweshwa resini, zinazungushiwa kwenye fimbo ya chuma, zinafungwa, zinaokwa, alafu ile chuma inachomolewa. Nyuzi zilizolala sambamba na shafti zinazuia kupinda, zile zilizolala mshazari digrii 45 zinazuia kujinyonga, na zile zinazozunguka kama pete zinazuia bomba lisibonyee likawa yai. Ndo maana shafti mbili za gramu 60, zote zimeandikwa S (herufi ya daraja la ugumu), zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa mkononi.

Unacholipia kwenye shafti ya juu ni nyuzi ngumu zaidi zinazowekwa pale zinapohitajika bila kuongeza uzito, na usahihi, yani ya leo na ya mwezi ujao zinafanana. Fujikura walipotoa Ventus 2019 sifa yake kubwa ilikuwa zile tabaka za mshazari kwenda urefu mzima wa shafti, ili kichwa kisijinyonge unapogonga nje ya katikati. Ni kazi nzuri sana, naiheshimu, ila haina uwezo wa kujua kama we unahitaji gramu 50 au 70.

Dalili: mpira unapaa juu sana, unasimama hewani, unadondoka

Hapa kila mtu anakwambia shafti laini, nunua ngumu. Subiri kwanza. Kwa draiva wengi wanakaa vizuri spini ikiwa kati ya mizunguko 2,000 na 3,000 kwa dakika, we ukipimwa kwenye mashine ya rada ukakuta 3,800 jiulize haya kwa mpangilio. Unagongea chini ya uso? Kichwa kinashuka kinapofika kwenye mpira badala ya kupanda? Lofti ni kubwa kwako? Haya matatu yanabeba sehemu kubwa ya tatizo, na shafti yoyote utakayoweka usitegemee ikushushie spini elfu nzima peke yake.

Yakishanyooka hayo ndo tunakuja kwenye shafti. Kama una swingi ya nguvu na shafti ni nyepesi, gramu 45 au 50 iliyokuja na fimbo, panda kwanza hadi gramu 60 kwa ugumu uleule, upige siku mbili tatu. Kama bado, tafuta yenye ncha ngumu zaidi na sehemu ya kupinda iliyo juu, karibu na mikono, hizi kwa wengi zinatoa mpira chini kidogo. Nasema kwa wengi kwa sababu kuna watu ukiwapa shafti ngumu wanaanza kusukuma kwa bega kutafuta urefu, na mpira unapaa zaidi ya mwanzo.

Dalili: mpira uko chini, unabaki kulia, na mkononi ni kama unapiga na mbao

Hii ndo inayoniuma zaidi kwa sababu mara nyingi ni heshima imemponza mtu. Hakuna anayependa kusema anacheza R. Ukweli ni kwamba zile herufi za ugumu L, A, R, S na X, kutoka laini hadi ngumu, hazina kipimo kimoja duniani, R ya kampuni hii inaweza kuwa ngumu kuliko S ya kampuni ile, kwahiyo herufi isikutie aibu wala isikupe kiburi.

Mwongozo wa jumla wa kasi ya kichwa cha draiva ni huu: chini ya maili 75 kwa saa angalia L au A, 75 hadi 85 A, 85 hadi 95 R, 95 hadi 105 S, kuzidi hapo X. Ni pa kuanzia tu. Watu wawili wa maili 95, mmoja anavuta fimbo polepole na kuiachia kwa ulaini, mwingine anageuka juu kwa ghafla kama anapiga nyoka, yule wa pili anaikunja shafti zaidi na anaweza kuhitaji S wakati mwenzie anafurahia R. Kwahiyo kasi peke yake haitoshi, angalia na namna mtu anavyogeuka pale juu.

Ukitaka kitu cha uhakika kuliko herufi, fundi mwenye mashine ya kupima mtetemo atakubania mkia wa shafti, yani upande wa gripu, atauvuta upande wa kichwa auachie, alafu atakusomea namba ya mitetemo kwa dakika. Kwa kawaida kati ya daraja moja na jingine kuna tofauti ya karibu mitetemo 10. Mpelekee shafti unayoipenda na hiyo mpya azipime zote mbili kwa urefu mmoja na kichwa kimoja, hapo utaona yale maandishi yanavyoweza kukudanganya.

Dawa yenyewe: shuka daraja moja la ugumu ukiwa umebaki kwenye uzito uleule, piga. Kama unachoka mapema, tundu la kwanza unapiga vizuri la kumi na nne mpira unaenda kulia, hapo shida ni uzito sio ugumu, shuka gramu 10. Usibadili vyote viwili siku moja maana ukipona hutajua umeponywa na nini.

Dalili: haibridi inavuta kushoto, na kila ukijitahidi inazidi kuvuta

Hapa ntakaa kidogo kwa sababu ndo malalamiko nayoyasikia kuliko yote na watu wengi wanaitupa haibridi nzuri kabisa, ile fimbo iliyo katikati ya wudi na chuma.

Chukua mizani ndogo ya jikoni. Haibridi ina kichwa cha kama gramu 230, gripu 50, na shafti ya kawaida iliyokuja nayo tuseme gramu 60, jumla 340. Sasa fimbo yako ya chuma namba tano ina kichwa cha kama 255, gripu 50, shafti ya chuma 115, jumla 420. Umeona hiyo? Fimbo mbili zinazokaa jirani kwenye begi, unazipiga kwa swingi ileile na mpira uleule uko chini kwenye nyasi, moja ni nyepesi kwa gramu 80. Mikono imeshazoea kuvuta uzito wa chuma, ikikutana na kitu chepesi inafika mapema, inageuza kichwa mapema, uso unafunga, mpira unaenda kushoto. Alafu vichwa vingi vya haibridi vimetengenezwa vikiwa na uso unaopendelea kufunga kidogo ili kumsaidia mwenye slaisi (mpira unaokatia kulia), kwahiyo unapata kushoto juu ya kushoto.

Jamaa nayecheza nae alikuwa na hii shida kwa miaka. Chuma zake shafti ni nzito, draiva ina shafti ya gramu 65, haibridi ina ile nyepesi laini iliyokuja nayo. Tukaipima, tukaangaliana. Akaweka shafti ya kaboni ya haibridi yenye gramu 90, ugumu S kama chuma zake, hakugusa kitu kingine. Siku ya kwanza ule mpira ulioenda moja kwa moja aliuangalia mpaka ukasimama, akageuka hakusema neno, akachukua mwingine akaupanga chini. Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita na haibridi bado iko begini.

Kanuni nayoitumia: uzito wa shafti upande ngazi kwa ngazi kadri fimbo inavyofupika. Draiva 60, wudi namba tatu (fimbo ya kichwa kikubwa inayofuata draiva) 70, haibridi 80 hadi 90, chuma 105 au 115. Anayecheza chuma zenye shafti za kaboni za gramu 75, haibridi yake ikae hapo 65 hadi 75. Haibridi iangalie chuma zako, isiangalie draiva. Hapa watu wanakosea sana, wananunua seti ya shafti za rangi moja kuanzia draiva mpaka haibridi, begi linapendeza, lakini ngazi haipo.

Ukishapanga uzito na bado inavuta, angalia urefu, haibridi nyingi za siku hizi ni ndefu, inchi 40 na zaidi, shika nusu inchi chini uone. Kisha angalia kama sehemu ya kisigino ndo inagusa ardhi kwanza, inaacha alama ya nyasi upande wa ndani, maana yake kichwa kimesimama wima sana kwako na kinaelekeza mpira kushoto, hapo shafti haikusaidii, ni adapta au fundi. Mwisho kabisa ndo tafuta ncha ngumu na torki ndogo.

Torki na yenyewe isikutishe. Ni kiasi shafti inavyojinyonga, inapimwa kwa digrii, nyingi ziko kati ya 2.5 na 6. Ilipata jina baya zamani, maana shafti za grafaiti za mwanzo, zile zilizotokana na kazi ya Frank Thomas kule Shakespeare, Marekani, mwaka 1969, na zilizofuata baada yake, zilikuwa zinajinyonga sana na watu wakazikimbia. Za leo ziko mbali sana na zile. Torki ya 3 na ya 4.5 utaisikia zaidi mkononi kuliko kuiona hewani, ndogo inasikika ngumu na kavu, kubwa inasikika laini.

Dalili: draiva inakubali, wudi namba tatu haipandi kutoka chini

Kwanza kubali kwamba digrii 15 kutoka kwenye nyasi bila tii (kile kijiti cha kuwekea mpira) ni kazi ngumu kwa mtu yeyote, jaribu wudi ya digrii 16.5 au 18 ya rafiki kabla ya kununua shafti. Ikipanda vizuri, umemaliza.

Kama una uhakika na lofti, muulize aliyekufungia kama alikata ncha na alikata kiasi gani. Shafti mbichi ya wudi ikikatwa upande wa ncha inakuwa ngumu zaidi, na desturi ya wengi ni nusu inchi kwa namba tatu na inchi moja kwa namba tano, ila kila shafti ina karatasi yake ya maelekezo na wengine wanasema usikate kabisa. Nimeshakutana na shafti ya namba tatu iliyokatwa inchi moja na nusu na mwenye nayo anadhani yeye ndo mzee. Ncha ikishakatwa hairudi. Mkia unakatwa bila wasiwasi mkubwa, ncha inakatwa kwa karatasi mkononi.

Na vipimo vya ncha uvijue: draiva na wudi nyingi ni inchi .335, haibridi nyingi ni .370. Ukiona mtu anataka kuweka shafti ya wudi kwenye haibridi kwa kujaza gundi nyingi, mzuie. Itacheza, itakaa upande, na siku moja kichwa kitatangulia mbele ya mpira.

Dalili: umekata draiva, sasa kichwa hukisikii kabisa

Hii ni rahisi. Ukipunguza nusu inchi, uzito wa swingi, yani jinsi kichwa kinavyosikika kizito unapozungusha, unashuka karibu pointi tatu, inchi nzima pointi sita, kwa kipimo chake cha herufi na namba D3 inakuwa C7. Karibu gramu 2 kichwani zinarudisha pointi moja. Bandika tepu nzito ya risasi chini ya kichwa, gramu 4, piga, ongeza 4, piga, mpaka ukisikie tena, alafu ndo unabadili ile skrubu ya uzito kama kichwa chako kinayo. Gripu nene nzito pia inafanya kichwa kisikike chepesi, gramu 4 au 5 za gripu ni kama pointi moja, kwahiyo kama ulibadili gripu juzijuzi anzia hapo.

Dalili: jina ni lilelile la bingwa lakini haifanani

Kuna shafti zenye jina na rangi karibu sawa na ile ya juu, lakini zimetengenezwa kwa ajili ya kuja na fimbo mpya, na ndani hazina zile nyuzi wala tabaka zilezile. Sio feki, na kwa wengi zinafaa kabisa, ila usilipe bei ya ile nyingine. Soma maandishi yote, hasa yale madogo karibu na gripu. Feki zenyewe zipo pia, ukishachomoa gripu pima uzito wa shafti tupu ulinganishe na ule uliotangazwa na kampuni, na pima ncha kwa kalipa. Feki nyingi zinaanguka hapo.

Dalili: mlio

Kitu kinachezacheza ndani ukitikisa mara nyingi ni kipande cha gundi iliyokauka, kinaudhi lakini hakina hatari. Mlio wa tik unapogonga ni habari nyingine. Angalia ile kola nyeusi ya plastiki pale shingoni, kama imepanda na kuacha mwanya ujue kichwa kinaanza kutoka. Kisha futa shafti kwa kitambaa chenye unyevu, simama kwenye mwanga, zungusha taratibu huku ukipitisha ukucha inchi tano za juu ya shingo. Mkwaruzo wa rangi unaishia kwenye rangi. Ufa unashika ukucha, na ukiminya kwa kidole gumba pembeni yake unasikia pamelainika. Shafti yenye ufa usipige nayo hata mpira mmoja, kaboni haipindi kabla ya kuvunjika kama chuma, inakatika na vipande vyake vinachoma, na kichwa kinaruka kwa watu.

Angalia pia pale shafti inapogusana na ukingo wa begi, msuguano wa miaka unakula rangi, ukifika kwenye nyuzi umeshakula nguvu. Na fimbo usiziache kwenye buti la gari juani, joto linailegeza epoksi.

Kama kichwa kinatoka na unataka shafti ibaki salama, peleka kwa fundi mwenye kifaa cha kuvutia kinachovuta moja kwa moja bila kuzungusha. Niliwahi kumpa mtu anitolee shafti yangu ya draiva, akapuliza moto muda mrefu alafu akashika kichwa akanyonga kama anafungua chupa, ilivyotoka ncha ilikuwa imefumuka nyuzi zimesimama kama ufagio, resini imeshaungua, haifai tena. Kuunga upya, kwangua rangi tu sehemu itakayoingia shingoni, usifike kwenye nyuzi, futa kwa spiriti, changanya epoksi ya fimbo za gofu kwa vipimo sawa, ingiza ukizungusha kidogo, futa iliyomwagika, simamisha fimbo ukutani na uiache masaa 24 kabla hujagonga mpira wa kwanza.